Tii ya Tano

Kuna kipande cha chuma chini ya paa la kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambacho kwa miaka tisa nilikikumbuka kila nilipopita pale kwa daladala. Sikukikumbuka kwa fahari. Nilikuwa nageuza uso upande wa pili wa barabara, kama mtu mwenye deni dukani anapomwona mwenye duka amekaa barazani.

Kwa asiyejua kazi yetu, nyaya za umeme kiwandani hazipiti ndani ya ukuta kama za nyumbani. Ni nyingi na ni nzito. Hulazwa juu ya trei, yaani mifereji ya bati nene yenye matundu, au ngazi za chuma zilizolazwa chali, zikaning'inizwa kutoka kwenye boriti za paa. Trei ikinyooka haina maneno. Unafunga bati, kiungio, bolti, unasonga mbele. Maneno huanza pale njia inapogawanyika. Hapo panahitajika kiungo chake: kona ya kupinda, krosi ya njia nne, na tii, ambayo ni ya njia tatu na ukiitazama kutoka juu ni herufi T.

Watu wa manunuzi hawaipendi tii. Kipande kidogo tu, bei yake inakaribia ya trei ndefu iliyonyooka, na ukikitazama haraka unaona ni bati lilelile. Siyo lilelile. Tii iliyotoka kwa watengenezaji ina kuta za ndani zilizokunjwa kwa mviringo, ili kebo inayotoka njia kuu kuingia tawini igeuke polepole kama gari kubwa linavyochukua kona. Kebo haipendi kuvunjwa shingo. Kanuni inayotumika sana kwa kebo zenye waya za chuma chini ya ganda la nje ni kwamba usiikunje kwa mviringo ulio chini ya mara nane ya kipenyo chake. Kebo ya milimita 36, zidisha kwa nane, unapata milimita 288. Tii yenye mviringo wa milimita 300 inaipokea bila kelele. Pembe iliyokatwa mraba haiipokei, inailazimisha. Juu ya hayo, tii ya kununua huchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka baada ya kukatwa na kukunjwa, kwa hiyo hakuna ukingo uliobaki uchi. Katika jiji lenye hewa ya chumvi kama letu, jambo hilo si la urembo.

Mwaka 2012 nilikuwa na umri wa miaka 23, fundi mdogo katika kampuni ya mkandarasi wa umeme. Mchoro wa kazi ile ulitaka tii 14. Kontena lilipofunguliwa tulihesabu tii tisa. Tukahesabu tena, maana kuna wakati mtu huamini kuwa hesabu ya pili itakuwa na huruma. Tisa. Kuagiza nyingine kulikuwa na maana ya kusubiri wiki nyingi, na siku ya kuwasha mashine ilikuwa imeshapangwa, wageni wameshaalikwa.

Fundi mkuu wetu, mzee mmoja mtaratibu aliyeanza kazi kabla sijazaliwa, alisema tano zilizobaki tutazikata wenyewe. Nataka niwe mwadilifu hapa: hilo peke yake halikuwa kosa. Viwango vya kazi hii havikatazi kuchonga kiungo saitini. Vinachotaka ni kwamba trei ishikike vizuri, chuma chote kiwe kimeunganika kwa ajili ya ethi, na mahali popote panapogusa kebo pawe laini. Mzee alitufundisha namna yake. Unakata ukuta wa trei kuu, unaingiza tawi, kisha unapachika vipande viwili vya bati kwa mshazari kwenye pembe ili kebo isikutane na kona kali. Unaunganisha pande zote kwa waya wa shaba wa kijani na njano. Unaweka kishikilio kisichozidi milimita 600 kutoka kila mdomo, midomo yote mitatu, kwa sababu tii isiyoshikwa vizuri huinama upande wa tawi. Halafu, alisema, na hili alilisema kila mara kama imamu anayefunga dua, "piga tupa, paka zinki, funga."

Tupa ni kile kipande cha chuma chenye meno madogo cha kulainishia kingo. Diski ya grainda inapokata bati huacha nyuma yake vijino. Huvioni ukiwa mbali. Ukipitisha kidole, utavijua.

Tii nne tulizifanya hivyo. Ya tano niliifanya peke yangu, Jumamosi usiku, juu ya jukwaa lenye urefu wa mita sita hivi. Jumatatu mkaguzi angekuja. Nilimaliza kukata, nikapitisha kidole gumba, na glovu ikachanika. Tupa ilikuwa chini. Vijana wa kuvuta kebo walikuwa wamekaa wakinisubiri, mmoja amelala juu ya mzinga wa kebo kama yuko kwao. Nilikuwa nimepanda na kushuka lile jukwaa tangu saa moja asubuhi. Nikapaka zinki juu ya vijino, nikawaita, kebo zikapita, nikaweka mfuniko, nikakaza bolti.

Funika kombe mwanaharamu apite. Tunausema msemo huo kwa mambo ya ndoa na siasa. Mimi niliutenda kwa bati na bolti.

Mkaguzi alikuja. Alimulika tochi kutoka sakafuni, akatazama karatasi yake, akatia alama. Sikumdanganya, maana hakuniuliza. Sentensi hiyo niliitumia kwa miaka kadhaa kujifariji, na nawaachia wasomaji waipime wenyewe.

Sasa lazima niseme nini hasa kilikuwa kimelala juu ya ukingo ule, kwa sababu bila hilo mtu atasema nakuza kidonda cha sindano. Zilipita pale kebo tatu za mota, nene, zenye waya za chuma ndani. Hizo zina uvumilivu. Zilipita pia kebo nyembamba, zisizo na chuma chochote ndani ya ganda, zinazokwenda kwenye vitufe vyekundu vya kusimamisha mashine wakati wa dharura. Kebo iliyolala juu ya trei hailali kama maiti. Mashine zikibeba mzigo inapata joto na kurefuka. Zikizimwa inapoa na kurudi. Mota kubwa ikiwashwa, kebo yake hutikisika. Sakafu inatetema, paa linatetema. Kwa hiyo ukingo wenye vijino unafanya kazi ya msumeno, mchana na usiku, msumeno wa polepole usiochoka.

Kebo ya kitufe ikikatika kabisa, mashine husimama, na hiyo ni heri. Mizunguko ya namna hiyo hujengwa kwa makusudi hivyo. Hatari ni ganda kuchubuka na nyaya mbili za ndani kugusana mahali kabla ya kufika kitufeni. Katika mzunguko wa kawaida, usio na njia ya pili ya kujikagua, umeme utakuwa umepata njia ya mkato. Mtu anabonyeza kitufe, na mashine inaendelea. Nilikuwa naliwazia hilo usiku. Sikumwazia mtu fulani. Niliwaza mkono tu, mkono wa glovu ukipiga kitufe chekundu mara mbili, mara tatu.

Haikutokea. Mwaka ukapita, ikapita miwili, mitano. Sikusikia habari ya ajali wala moto. Na hapa ndipo swali lenyewe lilipoanza kunisumbua kwa namna nyingine. Ikiwa hakuna aliyeumia, nimemkosea nani? Kiwanda kilipata umeme. Mwajiri wangu alilipwa. Wale vijana walikwenda kulala saa moja mapema. Ukifanya hesabu ya mambo yaliyotokea, kosa langu halina mahali pa kuandikwa.

Baadaye nilisoma masomo ya jioni, na tulikuwa na kipindi cha maadili ya kazi ambacho wengi walikitumia kula chipsi. Mwalimu alituletea hoja ya mwanafalsafa wa Marekani, Thomas Nagel, aliyoiandika katika miaka ya 1970. Kuna dereva wa lori aliyezembea kukagua breki. Mtoto anakatiza barabarani, dereva anashindwa kusimama. Yuko dereva mwingine aliyezembea vilevile, lori lilelile, breki zilezile, ila katika safari yake hakuna mtoto aliyekatiza. Wa kwanza tunamwita muuaji, na yeye mwenyewe hatapata usingizi. Wa pili anafika, anapaki, anakula. Tofauti yao si kitu walichokifanya. Ni mtoto, ambaye hakuna kati yao aliyempangia siku ya kuvuka. Nagel aliita jambo hilo bahati ya kimaadili, na aliona hatuna njia rahisi ya kulikwepa: tunaamini mtu alaumiwe kwa kilicho mikononi mwake tu, na hapohapo tunamlaumu kwa kisichokuwa mikononi mwake.

Darasani wengi walicheka kwamba dereva wa pili ndiye dereva wa kawaida wa Dar es Salaam. Mimi sikucheka. Nilijua jina lake.

Mwalimu huyohuyo alitupa mfano ambao ulikuwa wa trei kabisa, na nikaufuatilia mwenyewe. Tarehe 22 Machi 1975, katika kinu cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, wafanyakazi walikuwa wakitafuta mahali panapovuja hewa pale nyaya zinapopenya ukuta. Walitumia mshumaa. Ukiuweka karibu na tundu, mwali ukavutwa, unajua hapo hewa inapita. Ilikuwa ndiyo desturi yao ya kazi, na ilifanya kazi vizuri, hadi mwali ulipovutwa ndani ya sponji ya kuzibia na sponji ikashika. Moto ulifuata trei kwa karibu saa saba. Zaidi ya kebo 1,600 ziliharibika. Ikaonekana kwamba kebo za mifumo iliyotakiwa kusaidiana, mmoja ukifa mwingine ubaki, zilikuwa zimepitishwa karibu mno, kiasi kwamba moto mmoja uligusa zote. Hakuna aliyekufa. Vinu vyote viwili vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimwa salama. Mwaka 1980 Marekani ikatoa kanuni mpya za moto kwa vinu vya namna hiyo, na kutenganisha njia za kebo kukawa jambo la sheria.

Nilichokiona mimi katika habari hiyo ni siku za kabla ya 22 Machi. Mishumaa mingapi iliwashwa kwenye matundu mangapi, na mafundi wakarudi nyumbani wakiwa watu wema? Aliyeshika mshumaa siku ile alikuwa na tofauti gani na aliyeushika mwezi mmoja kabla? Na yule aliyechora njia mbili zikutane mahali pamoja, akiwa ofisini, na kalamu yake, hakuwahi hata kunusa moshi.

Nilidhani nimepata jibu la kunifaa: kwamba mimi na anayesababisha ajali ni sawa, ila yeye hakuwa na bahati. Ni jibu kali, linamfanya mtu ajione mnyenyekevu. Nilikaa nalo mpaka mwaka 2021.

Mwaka huo kampuni ninayofanyia kazi sasa ilipata kazi ya kuongeza mashine katika kiwanda kilekile. Kebo mpya zilitakiwa zipite trei ileile, na tawi lililokuwa na nafasi lilikuwa, bila shaka umeshabahatisha, la tii ya tano. Ningeweza kumtuma mtu. Nilipanda mwenyewe, pamoja na kijana wa mafunzo kwa vitendo anayejua kazi na anayejua kwamba anajua.

Bolti za mfuniko zilifunguka kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Nilipaswa kushtuka hapo. Bolti ya miaka tisa katika jiji hili haifunguki hivyo. Nikainua mfuniko. Juu ya ukingo wangu palikuwa na kipande cha mpira wa maji, ule wa kijani wa kumwagilia bustani, umepasuliwa kwa urefu na kuvalishwa juu ya chuma kama mdomo uliouma mkate. Umefungwa kwa kebo tai mbili. Rangi ilikuwa imepauka na kuwa kama ya majani makavu. Nikausogeza. Kebo mojawapo nyembamba ilikuwa na mchubuko mrefu kama ukucha, na juu ya mchubuko huo utepe mweusi umezungushwa kwa mikono iliyotulia, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia.

Kumbe kebo ilikuwa imeshaanza kuchubuka. Hakukuwa na bahati yoyote. Kulikuwa na mtu.

Sijui alipanda lini. Nilimuuliza fundi umeme wa kiwanda, akatafuta kwenye daftari la matengenezo, hakuona kitu. "Wamepita wengi hapa, kaka," alisema. "Mmoja sasa hivi yuko Muscat. Mwingine alifariki. Mwingine amefungua duka la vipuri." Labda alipanda kutafuta hitilafu nyingine. Labda alikuwa na mpira mfukoni kwa kazi nyingine kabisa. Aliona, akatengeneza, akarudisha mfuniko, akashuka, na wala hakuandika. Kazi yangu mbaya na kazi yake njema zilifichwa na bati moja.

Hili lilinivurugia jibu langu lote. Nilikuwa nimejiweka pamoja na dereva wa pili, yule ambaye mtoto hakukatiza mbele yake. Lakini mtoto alikuwa amekatiza. Mtu mwingine aliruka barabarani akamvuta pembeni, mimi nikaendelea na safari nikijadili falsafa. Ni mara ngapi tunaita bahati kitu ambacho ni jasho la mtu tusiyemjua? Tunasema ukiona vyaelea vimeundwa, na huwa tunamfikiria aliyeunda. Aliyeziba tundu usiku chombo kikiwa majini hana methali niijuayo. Na mtu huyo ninamdai nini, au yeye ananidai nini? Siwezi kumshukuru. Siwezi kumwomba radhi. Pengine alinitukana, na matusi hayo yalikuwa halali yangu, nami sikuwepo kuyapokea.

Yule kijana aliinama, akautazama mpira, akasonya. "Bosi, nani kafanya kazi ya kienyeji hivi?"

Ningeweza kusema sijui, na kwa mpira ule ingekuwa kweli tupu. Alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimemfokea wiki ile ile kwa kuacha bolti moja bila washa.

"Huyo aliyeweka mpira simjui," nilisema. "Ukingo niliukata mimi, 2012. Sikuupiga tupa."

Hakujibu. Alifungua begi, akatoa tupa, akanipa. Sikuwa na uhakika kama ni heshima au ni hukumu, na sikumuuliza. Tuliomba kebo zizimwe kwanza, tukasubiri kibali hadi saa kumi jioni. Hatukutumia grainda karibu na kebo za watu. Nilipiga tupa kwa mkono, kidogokidogo, huku yeye ameshika kitambaa chini kuzuia unga wa chuma usidondokee kebo. Ilichukua kama dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano zilizokuwa zikidaiwa miaka tisa. Tukapaka zinki, tukaweka kizuio kipya cha ukingoni. Kebo iliyochubuka tukaibadilisha, na gharama yake niliomba ikatwe upande wetu. Injinia wa kiwanda aliuliza kwa nini tulipie kebo ambayo hatukuiharibu. Nilimwandikia sababu kwenye ripoti, pamoja na mwaka na jina langu. Alisoma, akakuna kichwa, akasema ripoti ina maneno mengi. Siku ya pili tulizifungua zile nne nyingine. Zilikuwa laini kama mzee alivyofundisha.

Ndipo nilipomtafuta mzee mwenyewe. Alishastaafu, yuko shambani kwake Morogoro. Nilimpigia jioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nilimweleza yote: vijino, glovu, mpira wa kijani, utepe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kimya au kwa karipio. Alinisikiliza, nyuma yake kuku wakilia na mtu akisukuma baiskeli mbovu.

"Ya tano ile," alisema. "Ya upande wa kufungashia."

"Ndiyo, mzee."

"Tupa nilikuwa nayo mimi pale chini. Niliona hukuja kuichukua."

Sikupata neno. Akakohoa kidogo, kisha akaniuliza kama mvua zimeanza huko Dar, maana kwao bado.